Nani Ana Haki kwa Nani: Wahusika wa Hadithi Mbele ya Mashabiki wa Wabera

Mhusika wa hadithi huja kwa hadhira akiwa nusu mtu. Mtambaji, mwandishi au mtengenezaji wa filamu humpa jina, sura, maneno kadhaa na vitendo vichache, kisha humwachilia. Mengine yote hujazwa na msikilizaji, msomaji au mtazamaji: kwa nini hakurudi kwa mamake, alijua au hakujua kwamba mumewe ana mke wa pili, machozi yale yalikuwa ya majuto au ya hila. Mhakiki Mjerumani Wolfgang Iser, aliyeandika sana kuhusu usomaji katika miaka ya 1970, alieleza kwamba kazi ya fasihi imejaa mapengo na kwamba kusoma ni kuyaziba. Iser alikuwa akiwafikiria wasomaji wa riwaya za Ulaya, lakini maelezo yake yanafaa kibanda cha video au kikao cha hadithi vilevile.

Pengo ambalo mashabiki hulikimbilia kwanza ni lile la uhusiano. Mandhari na falsafa husubiri. Swali la kwanza huwa ni nani ana haki kwa nani: mke kwa mume, mwana kwa baba, rafiki kwa rafiki, tajiri kwa maskini aliyemlea. Mhusika huonekana mwema au mbaya kwa kadiri anavyolipa au kukwepa deni hilo. Na kwa kuwa hakuna jamii mbili zinazolihesabu deni la undugu kwa njia moja, hadithi ileile huzaa wahusika tofauti kila inapohama nyumba.

Wadi ya Wabera, ambayo ndiyo moyo wa mji wa Isiolo, ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Wadi hiyo ina jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa kwa kupigwa risasi tarehe 28 Juni 1963, wiki chache baada ya Kenya kupata madaraka ya ndani. Mjini hapo Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana wa mtaa wa pili hukutana jioni moja mbele ya runinga, wakiwatazama Waturuki wa tamthilia. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha jirani na jirani. Kinachowatenganisha ni sheria za ndoa. Waborana wamegawanyika pande mbili, Sabbo na Gona, na kwa mila mtu wa Sabbo huoa Gona, naye wa Gona huoa Sabbo. Mmeru haoi ndani ya mwiriga wake, yaani ukoo wake. Sheria ya Kiislamu, ambayo wakazi wengi wa mji huifuata, inaruhusu binamu kuoana. Filamu ikionyesha vijana wawili, watoto wa ndugu, wakipendana na kuzuiwa na wazee, mtazamaji mmoja ataona wazee wakatili na mwingine ataona vijana waliopotoka, na wote wawili wametazama filamu ileile kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mfano wa kale zaidi wa mvutano wa namna hii haukuja na umeme. Ni wa malkia wawili wa masimulizi. Wasomali wanaye Arawelo, malkia aliyewapokonya wanaume utawala na, kwa mujibu wa masimulizi, akaamuru wahasiwe. Mzee mmoja, Oday Biiqay, akamponyoka, akajificha, na kila malkia alipowapa wanaume kazi isiyowezekana yeye ndiye aliyewapa jibu kwa siri. Katika masimulizi mengi Arawelo anauawa na mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa binti yake, ambaye malkia alimwacha bila kumhasi kwa sababu binti alimwombea. Waoromo, ambao Waborana ni tawi lao, wanaye Akko Manoye, malkia mwenye mkono mzito aliyedai, miongoni mwa mengine, ajengewe nyumba isiyogusa ardhi wala mbingu. Wanaume wakamjibu kwa werevu kwamba wako tayari, mradi yeye aanze kuweka msingi. Mwishowe wakachimba shimo, wakalifunika, naye akatumbukia.

Ndugu hawa wawili wa kubuni wanafanana mno, na si ajabu, kwani Wasomali na Waoromo ni majirani wa karne nyingi na lugha zao ni za ukoo mmoja wa Kikushi. Lakini jambo la maana hapa ni jinsi hadhira inavyogawanyika. Simulizi linapokuwa mdomoni mwa mwanamume, mara nyingi huwa ni onyo: haya ndiyo yatokeayo mwanamke akipewa fimbo. Arawelo huyohuyo, mdomoni mwa mwanamke, anaweza kuwa mtawala aliyewakomesha wanaume wavivu na wagomvi. Huko Sanaag, kaskazini mwa nchi ya Wasomali, kuna marundo ya mawe yanayotajwa kuwa kaburi lake. Inaelezwa kwamba wanaume wapitapo hurusha jiwe, na wanawake huweka tawi bichi. Ni vigumu kupata kielelezo kilicho wazi kuliko hicho cha mashabiki wa kambi mbili waliokataa kukubaliana kuhusu mhusika mmoja.

Tazama pia kila kambi inaziba pengo lipi. Masimulizi hayasemi wazi kwa nini Arawelo alimsikiliza binti yake. Anayemchukia husema lilikuwa kosa la kimkakati, dhalimu akazidiwa na moyo mara moja na akalipia. Anayempenda husema hapo ndipo alipojidhihirisha kuwa mama, na kwamba aliuawa kwa wema wake, si kwa ubaya. Uhusiano wa mama na binti, ambao katika simulizi lenyewe unachukua nafasi ndogo sana, ndio unaobeba hukumu nzima ya mhusika. Oday Biiqay naye hubadilika kulingana na msimulizi: ni shujaa wa ukombozi, au ni mnafiki aliyekaa mafichoni akiwatuma wenzake mbele. Mhusika wa pembeni aghalabu ndiye kipimo kizuri cha msimamo wa shabiki, kwa sababu juu yake hadithi imenyamaza zaidi.

Watafiti wa runinga walikutana na jambo hilohilo katika mazingira mengine kabisa. Tamar Liebes na Elihu Katz, katika kitabu chao cha 1990 kuhusu upokezi wa tamthilia ya Kimarekani ya Dallas, walikusanya vikundi vya watazamaji wa jamii mbalimbali nchini Israeli, na vingine Marekani na Japani, wakawaomba wasimulie kipindi walichotoka kukitazama. Katika kipindi kimoja, Sue Ellen anamkimbia mumewe akiwa na mtoto na kwenda kuishi kwa mpenzi wake wa zamani na baba wa mpenzi huyo. Kikundi kimoja cha Waarabu kilisimulia kwamba amerudi kwa baba yake mwenyewe. Maneno ya tamthilia hayakuwa na utata. Ila kwa watazamaji hao, mwanamke aliyedhulumiwa na mume hurudi kwao, na anayempokea mlangoni ni babake. Mkazi wa Wabera anayejua jinsi ugomvi wa ndoa unavyopelekwa kwa wazee wa pande mbili hahitaji kuelezwa jinsi kosa hilo lilivyotokea. Kwa kweli, kuliita kosa ni kulionea kidogo. Walisahihisha mwenendo wa Sue Ellen ili aweze kuhurumiwa.

Mfano mwingine maarufu ni wa mwanaanthropolojia Laura Bohannan, ambaye mwaka 1966 alichapisha simulizi la jinsi alivyowatambia wazee wa Kitivi wa Nigeria mchezo wa Hamlet. Katika mchezo huo wa Shakespeare, mfalme anakufa, na ndugu yake Claudius anamwoa mjane upesi, jambo linalomtia Hamlet uchungu. Wazee hawakuona uchungu wowote. Claudius alifanya vizuri, walisema, kwa maana ndugu mdogo ndiye anayepaswa kumtunza mjane na watoto. Kisa hiki hutumiwa mara nyingi kama kichekesho cha wageni wasioelewa Shakespeare, na hapo ndipo hutumiwa vibaya. Wasomali wana desturi ya dumaal, ndugu wa marehemu kumwoa mjane, na kurithi mjane kunajulikana pia miongoni mwa Waborana na Waturkana. Kwa hadhira hiyo Hamlet haanzi kama mwana mwenye haki. Huanza kama kijana anayemnunia baba mlezi, na mwandishi hana budi kufanya kazi ya ziada, yaani kumleta mzuka wa mfalme na kufichua kwamba aliuawa kwa sumu, kabla Claudius hajageuka kuwa mwovu. Hadhira hiyo huenda ikauona mchezo kuwa hadithi ya upelelezi kuliko huzuni ya mwana.

Kabila peke yake, hata hivyo, halitoshi kueleza chochote. Mama na binti wa nyumba moja, dini moja na ukoo mmoja hutofautiana vikali kuhusu msichana anayetoroka na mpenzi wake, na hapo umri ndio unaosema. Laura Fair, mwanahistoria aliyechunguza sinema za Zanzibar na Tanzania kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba filamu za Kihindi za miaka ya 1950 na 1960 ziliwapa Wazanzibari nafasi ya kujadili mapenzi na ndoa ya kuchaguliwa na wazazi bila kumtaja jirani yeyote. Awara ya 1951 ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa mno. Ndani yake Jaji Raghunath anamfukuza mkewe mjamzito kwa sababu alitekwa na jambazi na usafi wake umetiwa shaka. Mtoto anayezaliwa, Raj, anakulia mtaani na kuwa mwizi, na mwishowe anatetewa mahakamani na Rita, mwanasheria aliyelelewa na jaji huyohuyo. Kila uhusiano hapo ni kesi. Je, jaji alikuwa na haki ya kushuku? Je, mwana anaweza kumdai haki baba asiyemjua? Na Rita anamkosea mlezi wake kwa kumtetea mpenzi wake? Faida ya mhusika wa kubuni ni hiyo: anaweza kuhukumiwa kwa sauti kubwa barazani, na hakuna atakayeudhika.

Filamu za Kihindi hazijaondoka. Zilizotiwa sauti ya Kisomali zina wapenzi wengi popote Wasomali wanapoishi, na tamthilia za Kituruki zimefuata njia hiyohiyo. Kutia sauti ni kutafsiri, na anayetafsiri huwa ameshahukumu. Akimpa mama mkwe sauti ya ukali au ya upole, mtazamaji humpokea mhusika akiwa ameshapikwa nusu. Wasimulizi wa video wa Kiswahili wamelifanya hili waziwazi zaidi. Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye Mjerumani Matthias Krings ameandika kumhusu katika kitabu chake cha 2015, alikuwa akisimulia filamu za kigeni juu ya sauti ya filamu, akieleza, akikosoa na kuongeza mambo. Nchini Kenya DJ Afro alijipatia jina kwa kazi ya namna hiyo, akiwapa wahusika wa Marekani na Asia majina, mikogo na mizaha ya Kikenya. Mtazamaji wa kibanda cha video mjini Isiolo aliyemjua mhusika fulani kupitia DJ Afro amemjua jinsi shabiki mmoja anavyomwona. Wengi huipenda tafsiri hiyo kuliko filamu yenyewe, na si wapumbavu.

Vibanda hivyo ndivyo pia vilivyoeneza kanuni ambayo kila mtoto wa mtaani anaijua: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Kanuni hii ni chombo cha kusomea. Mtu akipigwa risasi dakika ya kumi, basi hakuwa steringi, na mtazamaji hurudi nyuma kichwani kumtafuta steringi wa kweli ni nani. Akifa mwishoni, filamu hushutumiwa kwa kuvunja ahadi. Hasira hiyo si ya Afrika Mashariki tu. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes katika hadithi ya 1893, wasomaji wa Uingereza walilalamika kwa barua, na mwaka 1903 mwandishi akamrudisha katika hadithi mpya akiwa mzima. Tangu hapo imekuwa vigumu kudai kwamba mhusika ni mali ya mwandishi peke yake.

Katika tamthilia za runinga za Kenya, ushabiki huchukua sura ya kambi. Maria, iliyotayarishwa na Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla na kuonyeshwa na Citizen TV kati ya 2019 na 2021, ilijengwa juu ya pembetatu ya kawaida. Maria, msichana wa mtaa wa mabanda, anaingia katika nyumba ya matajiri wa ukoo wa Hausa, na Luwi, mwana wa nyumba hiyo, anampenda ilhali ana mchumba, Sophia. Muundo huu una nasaba ndefu. María la del Barrio ya Mexico ya 1995 ni hadithi ya msichana maskini katika jumba la kitajiri, nayo ilitokana na tamthilia nyingine ya 1979. Mtazamaji aliyezoea muundo huo hujua tangu kipindi cha kwanza nani atampata nani, na bado hubishana. Hoja ya upande wa Maria ni ya moyo: mapenzi hayaulizi mali. Hoja ya upande wa Sophia ni ya kisheria: aliposwa, ahadi ikatolewa, na posa si mchezo. Katika mji ambako posa hufungwa na wazee na huambatana na mifugo, hoja ya pili ina uzito ambao huenda watengenezaji wa tamthilia hawakuutarajia. Sophia anapofanya hila, wanaomtetea hawaikani hila. Huiweka upande wa Luwi kwenye hesabu: yeye ndiye aliyevunja ahadi kwanza.

Kambi hizi zina desturi zake. Shabiki huchagua vitendo vya mhusika wake na kuvipa sababu nzuri, huku vitendo vilevile vya mpinzani akivipa sababu mbaya. Maria akinyamaza ni mvumilivu, Sophia akinyamaza anapanga. Henry Jenkins, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu mashabiki wa runinga wa Marekani, aliwaeleza kama wawindaji wanaoingia shamba la mwenye mali na kuondoka na wanachokihitaji. Wapo walioandika hadithi zao wenyewe, kama mashabiki wa Star Trek waliowaunganisha Kirk na Spock kimapenzi tangu miaka ya 1970. Kwa hadhira ya Wabera uandishi wa namna hiyo hufanyika kwa mdomo zaidi. Umeme ukipotea kabla ya kipindi kuisha, mwisho hupatikana hata hivyo.

Mpaka kati ya mhusika na mwigizaji nao huvukwa mara kwa mara. Donald Horton na Richard Wohl walieleza mwaka 1956 kwamba mtazamaji hujenga na mtu wa runinga uhusiano unaofanana na wa ujirani, ingawa upande wa pili haumjui. Kenya ilikuwa na mfano wake mkubwa katika Vitimbi ya KBC. Mzee Ojwang' na Mama Kayai waliigiza mume na mke kwa miaka mingi hivi kwamba watazamaji wengi waliamini ni wanandoa hata nyumbani. Hawakuwa. Isitoshe, lafudhi ya Ojwang' iliwafanya wengi wamhesabu kuwa Mjaluo, ilhali Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Kinyume chake kilitokea India: Nargis aliigiza mama wa Sunil Dutt katika Mother India ya 1957, kisha wawili hao wakaoana mwaka 1958. Kwa mtazamaji aliyekwisha kuwapokea kama mama na mwana, habari hiyo ilihitaji kumezwa polepole.

Lipo eneo moja ambako ushabiki huwekewa mipaka rasmi, nalo ni darasa. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE huwataka watahiniwa wa kidato cha nne kueleza sifa za wahusika, umuhimu wao na muktadha wa dondoo, na kwa maelfu ya vijana wa Kenya hapo ndipo mazoezi makali zaidi ya kumsoma mhusika hufanyika. Kati ya 2018 na 2022 riwaya teule ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Wahusika wake wanatikiswa na vurugu za baada ya uchaguzi, na ndoa zao zinapimwa na ukabila. Subira anakataliwa na mama mkwe wake kwa kuwa ni wa jamii nyingine. Naomi anamwacha Lunga na watoto watatu maisha yanapoharibika. Kwa mwanafunzi aliyezaliwa katika ndoa ya Mborana na Mmeru, Subira hahitaji maelezo ya mwalimu. Naomi ndiye mgumu. Ni rahisi kumwita msaliti na kufunga ukurasa. Ni vigumu zaidi, na kuna manufaa zaidi, kuuliza riwaya imempa nafasi gani ya kujieleza kabla ya kuondoka, na ni ipi kati ya lawama zinazomwangukia ambayo ingemwangukia Lunga kama yeye ndiye angeondoka.

Kanuni ya mtihani ni kwamba sifa isiyo na ushahidi kutoka matini haipati alama. Kanuni hii hulalamikiwa kwa kuua raha ya kusoma, na malalamiko hayo yana ukweli wake, hasa pale mwongozo wa kununua dukani unapokaririwa badala ya riwaya. Lakini ndiyo inayotenganisha kuziba pengo na kubomoa ukuta. Matini ikikaa kimya kuhusu nia ya Naomi, msomaji yuko huru kuikisia. Matini ikisema ameondoka, hawezi kusema alibaki. Wale watazamaji wa Dallas waliomrudisha Sue Ellen kwa babake walibomoa ukuta, hata kama walikuwa na sababu nzuri. Wanaobishana kuhusu moyo wa Arawelo kwa binti yake wanaziba pengo, na hakuna jiwe wala tawi linaloweza kuwathibitisha kuwa wamekosea. Mashabiki wengi hufanya yote mawili katika mazungumzo ya jioni moja bila kuona tofauti, na mtafiti anayewasikiliza ndiye anayepaswa kuiona.